Maumivu ya Kifua kwa Mwenye Presha: Dalili, Hatua za Haraka na Hukumu za Ibada

Himidi zote ni za Allaah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Ama ba‘ad. Mtu mwenye presha akisema kifua kinambana, nyumba nyingi kwetu huanza na chai ya tangawizi, mafuta ya kuchulia, au kidonge cha vidonda vya tumbo. Mmoja atasema ni gesi, mwingine atasema ni uchovu, wa tatu atasema tusubiri kupambazuke. Mara nyingine ni kweli kwamba si moyo. Lakini pale inapokuwa ni moyo, usiku huo mmoja wa kusubiri ndio unaomtenganisha aliyepona na aliyefariki au aliyebaki na moyo dhaifu maisha yake yote.

Makala haya tunaielekeza kwa familia, kwa sababu mgonjwa wa moyo mara nyingi hana nguvu ya kujiamulia. Tutaeleza presha inavyouumiza moyo, maumivu yapi ni ya hatari, nini kifanyike na nini kiachwe, safari ipangwe vipi kwa wanaokaa mbali na hospitali kubwa, kisha tutataja hukumu za swalah, swaumu na sitara ambazo huulizwa sana katika jambo hili.

Presha inaufanya nini moyo

Presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Kipimo chake kina namba mbili: ya juu ni pale moyo unapokaza kusukuma damu, ya chini ni pale unapolegea kupumzika. Kipimo cha 120 kwa 80 ni kizuri kwa mtu mzima. Kikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na kikarudia hivyo siku tofauti, mtu huyo ana presha ya kupanda, hata kama hajisikii lolote.

Moyo ni msuli. Msuli unaosukuma mzigo mzito kila siku hunenepa, kama mkono wa mpiga makasia. Mkono ukinenepa ni nguvu, lakini moyo ukinenepa unakuwa mgumu, haujai damu vizuri, na unahitaji chakula kingi zaidi kuliko mishipa yake inavyoweza kuuletea. Wakati huohuo presha inazikwaruza kuta za ndani za mishipa hiyo, mafuta yanaganda humo, na njia inakuwa nyembamba. Mwisho wake ni mojawapo ya mambo mawili: mshipa unaziba ghafla na sehemu ya moyo inakufa, au msuli unachoka polepole na moyo unashindwa kazi yake.

Haya si mambo ya nchi za mbali. Uchunguzi wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu ana presha ya juu. Utafiti wa Hospitali ya Taifa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wagonjwa 427 ambao mioyo yao imeshindwa kazi, na karibu nusu yao, asilimia 45, chanzo kilikuwa presha. Huko Moshi nako, watafiti waliwapima wagonjwa waliofika idara ya dharura wakilalamikia kifua au pumzi, wakakuta takriban mmoja kati ya watano ana tatizo la ghafla la mishipa ya moyo, na wengi wao walikuwa hawakutambuliwa hivyo na madaktari waliowapokea. Ikiwa daktari anaweza kupitwa na ugonjwa huu, basi familia nayo isijipe uhakika upesi kwamba “ni gesi tu”.

Maumivu yapi ni ya moyo

Maumivu ya moyo yana namna nne, na kila moja ina alama zake.

Ya kwanza ni maumivu yanayokuja kwa kazi na kuondoka kwa kupumzika. Mtu akipanda ngazi, akibeba ndoo au akitembea kwa haraka kwenda msikitini, kifua kinabana. Akisimama dakika chache, kinaachia. Hii ni ishara kwamba njia za damu ya moyo zimekuwa nyembamba. Mtu huyu aende hospitali ndani ya siku chache, asingoje kliniki ya mwezi ujao. Maumivu hayo yakianza kuja hata akiwa ameketi, au yakawa makali na ya mara kwa mara kuliko zamani, hiyo ni dharura ya siku ileile.

Ya pili ni mshtuko wa moyo. Wagonjwa huueleza kama jiwe lililowekwa katikati ya kifua, au mkanda unaokazwa. Maumivu yanapita dakika 15 bila kuachia, na yanaweza kupanda shingoni, katika taya, mabegani, mgongoni, au kushuka mkono wa kushoto, na mara nyingine mikono yote miwili. Pamoja nayo huja jasho la baridi, kichefuchefu, kutapika, kukosa pumzi, na hofu kubwa isiyo na sababu.

Ya tatu ni kuchanika kwa mshipa mkuu unaotoka moyoni. Haitokei sana, lakini wenye presha isiyotibiwa ndio wanaoipata zaidi. Maumivu yanakuja ghafla, makali tangu sekunde ya kwanza, kama kitu kinachochanika, na hupita hadi mgongoni kati ya mabega. Huyu hatakiwi kupewa aspirini.

Ya nne ni moyo kushindwa kazi. Hapa huenda kusiwe na maumivu makubwa. Mgonjwa anakosa pumzi akilala chali, anaongeza mto wa pili na wa tatu, anaamka usiku akihema na kukimbilia dirishani. Miguu inavimba jioni, na ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Wengi husema ni pumu au kifua kikuu, na miezi inapita.

Mapigo ya moyo kwenda mbio au kuruka pia yasipuuzwe, hasa yakifuatana na kizunguzungu au kuzirai.

Yako maumivu ambayo kwa kawaida si ya moyo: yale yanayochoma kama sindano na kuongezeka ukibonyeza mahali pamoja kwa kidole, yanayozidi unapovuta pumzi wakati una kikohozi na homa, au yanayowaka baada ya pilipili na kupoa kwa dawa ya tumbo. Hata hivyo, kwa mtu mwenye presha na umri uliopita miaka 40, uamuzi huo auachiwe mwenye kipimo. Hakuna anayelaumiwa kwa kwenda hospitali akaambiwa moyo wake ni mzima.

Wanawake, wazee na wenye kisukari

Makundi haya matatu yanaweza kupata mshtuko wa moyo bila lile jiwe la kifuani. Mama anasema amechoka sana leo, hana nguvu ya kuinua sufuria, tumbo la juu linamuuma, anatapika, au mgongo unamkaza. Mzee anachanganyikiwa ghafla au anaanguka. Mwenye kisukari anaweza asihisi maumivu kabisa, akaona pumzi imekuwa fupi tu na jasho linamtoka. Mama huyu ndiye anayechelewa zaidi, kwa sababu amezoea kumaliza kazi za nyumba kwanza, na kwa sababu nyumba nzima imezoea kumwona akimaliza.

La kufanya mara moja

1. Mketishe. Mwegemeze ukutani au kwenye mito, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Asitembee, asiende msalani peke yake, asipande ngazi. Aliyekosa pumzi asilazwe chali.

2. Legeza nguo, fungua madirisha, punguza watu chumbani. Kelele na vilio vinaupandisha moyo.

3. Tafuta usafiri sasa hivi, kabla ya mashauriano ya familia. Tanzania namba ya dharura ni 112. Gari ni bora kuliko bodaboda. Wakati mmoja anatafuta gari, mwingine apige simu kituo cha afya au hospitali aeleze hali ya mgonjwa.

4. Ikiwa alishaandikiwa na daktari kidonge cha kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya moyo, apewe kama alivyoelekezwa, naye ameketi.

5. Uliza kwa simu juu ya aspirini. Katika mshtuko wa moyo, aspirini ya miligramu 300 iliyotafunwa husaidia damu isizidi kuganda. Asipewe mwenye mzio nayo, mwenye kutapika damu au kupata choo cheusi, mwenye dalili za kiharusi kama mdomo kupinda au mkono kulegea, wala mwenye maumivu ya kuchanika tuliyoyataja.

6. Chukua dawa zake zote, au karatasi zake, na kadi ya kliniki. Andika saa maumivu yalipoanza. Daktari atauliza saa hiyo kabla ya jambo lolote, kwa sababu tiba ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake, na kila saa inayopita inapunguza faida yake.

7. Akizirai na asipumue, alazwe chali mahali pagumu, kifua kibonyezwe katikati kwa mikono miwili, kwa nguvu na kwa haraka, kama mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimama mpaka msaada ufike.

Ya kuacha

Msimpe kidonge cha presha cha jirani. Hasa msimpasulie kidonge cha kushusha presha na kumdondoshea chini ya ulimi ili ishuke upesi, maana presha ikiporomoka ghafla, damu haifiki vizuri kwenye moyo na ubongo. Msimpe diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu hayo; dawa hizi huzuia maji na chumvi kutoka mwilini na huipandisha presha. Msimlazimishe kunywa wala kula.

Kuhusu hijama na ruqya: dua na kusomewa Qur’ani ni kheri, na msomaji anaweza kusoma njiani ndani ya gari. Kinachokatazwa ni kumchelewesha mgonjwa nyumbani kwa sababu hiyo. Hijama nayo si tiba ya mshtuko wa moyo, na mwenye kuifanya kwa elimu hatakubali kumgusa mtu aliye katika hali hiyo.

Masafa: somo la Kasoli na visiwa vyetu

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina watoto na ndugu waliokwenda bara kutafuta riziki, wakafungua maduka hadi kwenye miji midogo ya kanda ya Ziwa. Tuchukue mfano wa Kasoli, kata iliyomo wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, katika nchi ya Wasukuma na ya kilimo cha pamba. Tumeichagua kwa sababu njia ya mgonjwa wa moyo kutoka huko inaonyesha wazi jambo ambalo kisiwani linafichwa na bahari.

Mgonjwa wa Kasoli anaanzia zahanati au kituo cha afya, ambako atapimwa presha na kupewa huduma ya kwanza. Kipimo cha umeme wa moyo na vipimo vya damu anavitafuta Bariadi mjini, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikihitajika rufaa ya kanda, ni Bugando, Mwanza, kupitia Lamadi, safari ya zaidi ya kilomita 150 kutoka Bariadi. Na ikihitajika kuingizwa mrija ndani ya mshipa wa moyo ili kuuzibua, wengi huelekezwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mwanza.

Sasa tazama kisiwani. Mtu wa Kojani anavuka maji kwanza kabla ya kuiona barabara ya Pemba inayompeleka Wete au Chake Chake. Wa Tumbatu anavuka hadi Mkokotoni, kisha anaitafuta njia ya mjini na Mnazi Mmoja. Wa Mafia ana hospitali ya wilaya Kilindoni, na baada ya hapo ni boti ya Nyamisati au ndege. Wa Pate anangoja maji yajae ndipo boti iondoke kwenda Hospitali ya King Fahd, Lamu. Mmoja ana vumbi na mwingine ana maji kupwa na kujaa, lakini wote wawili wana saa zilezile chache.

Kwa hiyo mwenye kukaa mbali hawezi kuanza kupanga maumivu yakishaanza. Nyumba yenye mgonjwa wa presha ikubaliane mapema juu ya mambo haya: nani mwenye gari au boti anayeweza kuamshwa usiku, na namba yake iko wapi, kituo gani cha karibu kina mhudumu usiku, fedha ya safari imewekwa wapi, nani anasafiri na mgonjwa, na nani anabaki na watoto. Jambo kubwa kuliko yote ni nani anaruhusiwa kuamua. Ikiwa ni lazima baba au kaka mkubwa apigiwe simu Muscat au Dar es Salaam kwanza, na simu haipatikani, basi ruhusa hiyo itolewe leo: dalili hizi zikitokea, aliyepo nyumbani ataamua.

Jambo jingine la faida ni kwamba Taasisi ya Moyo hutuma madaktari bingwa mikoani kwa huduma ya tiba mkoba. Sikilizeni matangazo yake, na mwenye presha ya muda mrefu apimwe moyo kabla haujalalamika.

Hukumu za ibada

Kujitibu. Mtume (swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) aliwaamrisha Waislamu watafute tiba, kama ilivyopokewa katika Hadithi ya Usaamah bin Shariik iliyomo kwa Abu Daawuud na At-Tirmidhiy. Kutawakali hakumaanishi kuacha sababu. Na pale ambapo kuacha tiba kunaleta maangamivu ya wazi, wanachuoni wengi wameihesabu tiba kuwa ni wajibu.

Swaumu. Maumivu ya kifua yakimshika mfungaji, afungue papo hapo. Ruhusa ya mgonjwa imethibiti katika Suratul-Baqarah, aya ya 184 na 185. Atalipa siku hizo akipona. Ambaye daktari mwaminifu amemwambia hataweza kufunga tena, atalisha masikini mmoja kwa kila siku. Mwenye presha iliyotulia aende kwa daktari kabla ya Ramadhani: dawa nyingi za mara moja kwa siku zinaweza kuhamishiwa futari au daku, lakini asizihamishe wala kuziacha kwa rai yake mwenyewe.

Kidonge cha chini ya ulimi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, lilipitisha kwamba kidonge cha moyo kinachowekwa chini ya ulimi hakifunguzi swaumu, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni. Baraza hilohilo lilitaja pia kuwa hayafunguzi: kutolewa damu ya vipimo, sindano isiyokuwa ya lishe, hewa ya oksijeni, na mrija unaopitishwa ndani ya mshipa kwa ajili ya kupiga picha au kutibu moyo. Basi mtu asiache kukitumia kidonge hicho saa tisa alasiri kwa kuogopea swaumu yake.

Swalah. Asiyeweza kusimama ataswali ameketi, na asiyeweza kuketi ataswali kwa ubavu, kama ilivyo katika Hadithi ya ‘Imraan bin Huswayn iliyopokewa na Al-Bukhaariy. Mwenye kukosa pumzi anaposujudu ataashiria kwa kichwa. Asijikalifishe kwenda msikitini na hali kifua kinabana njiani.

Sitara. Kipimo cha umeme wa moyo kinataka kifua kiwe wazi, na tunajua kwamba wapo kina mama wanaokikwepa kwa haya. Kanuni ya Fiqhi ni kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, kwa kiasi cha dharura hiyo. Aombwe muuguzi wa kike. Akikosekana, apimwe na aliyepo, pazia livutwe, afunikwe penginepo, na mumewe au mwanamke mwenzake awepo. Vilevile ukosefu wa mahram wa kusafiri naye usimfungie nyumbani mwanamke ambaye maisha yake yako hatarini.

Kuzuia ni bora

Dawa ya presha hunywewa kila siku, si siku ya kuumwa kichwa tu. Anayeiacha kwa sababu “presha imeshuka” ajue kwamba dawa ndiyo iliyoishusha. Ikimletea miguu kuvimba, kikohozi au uchovu, arudi kwa daktari abadilishiwe.

Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, kwa chakula chote. Sisi watu wa pwani chumvi yetu imejificha kwenye papa mkavu na ng’onda, kwenye achari, kwenye vidonge vya supu na kwenye chipsi. Samaki mkavu arowekwe na kumwagwa maji zaidi ya mara moja, na mchuzi wake usitiwe chumvi tena. Samaki mbichi, mboga za majani, kunde na matunda ni chakula kizuri kwa moyo. Tumbaku iachwe kabisa, ya kuvuta na ya kutafuna, na miraa vilevile, kwani huuendesha moyo mbio na kuipandisha presha.

Pimeni presha nyumbani au dukani kwa utulivu: mtu aketi dakika 5, mkono uwekwe usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa kahawa, apime mara mbili na kuandika. Kipimo kikifika 180 kwa 120 bila dalili yoyote, apumzike, apime tena, na kikibaki hivyo aonane na daktari siku hiyohiyo. Kikifika hapo pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja, ni dharura, na hakuna kungoja asubuhi.

Tunawanasihi ndugu zetu wayasome haya pamoja na wa nyumbani mwao leo, na waandike zile namba za simu ukutani kabla ya kulala. Tunamwomba Allaah Awaponye wagonjwa wetu wa visiwani na wa bara, Awape subira wanaowauguza, na Awarehemu waliotangulia.

Na Allaah Anajua zaidi.